Eti bila S4 (sekondari mwaka wa nne) hupati cheti? Tuongee kidogo

Wazazi wenzangu mnaolea watoto peke yenu hapa Uganda, kuna maneno nayasikia saluni na kwenye foleni ya maji mpaka yamenichosha.

"Bila kurudi S4 huwezi kupata cheti." Hii ndo inafunga wengi. Mtu ameshona miaka sita, anakuangalia tu kwa macho na gomesi, lile gauni letu la heshima, inakukaa vizuri, lakini akienda kuomba kazi anaulizwa karatasi, hana, anarudi nyumbani akiamini hajui kitu. Kumbe kuna Worker's PAS, cheti cha ujuzi ulioupata kwa mikono yako kazini. Haulizwi S4 wala P7 (darasa la saba). Unapewa mtihani wa vitendo, moduli kwa moduli, yaani kama unajua kusuka ila dawa za nywele hujui, unapimwa kwenye kusuka, hayo mengine utaongeza baadaye ukishajifunza. Zamani ilikuwa kazi ya DIT, idara ya mafunzo ya viwandani, sasa sheria ya TVET (elimu ya ufundi) ya 2025 ikaiunganisha na UBTEB, bodi ya mitihani ya biashara na ufundi, ikawa bodi moja ya UVTAB, kwa hiyo ukisikia jina geni usidhani ni matapeli. Ila hakikisha kituo kinatambuliwa, wauza karatasi feki hawakosekani mjini.

"Mafunzo ya bure ni siasa tu." Siasa ipo, sibishi. Lakini ule mpango wa Rais wa kuwapa wasichana ujuzi, ulioanza Kampala 2017, umefundisha watu ushonaji, saluni, kuoka, kutengeneza viatu, na ada hawalipi. Shida iko kwingine kabisa, nauli na mtu wa kukaa na mtoto, hapo ndo wengi wanaangukia, sio kwamba kozi ni ngumu. Ongea na jaja (bibi au babu) au jirani kabla hujaandikisha jina, usingoje asubuhi ya darasa la kwanza ndo uanze kubisha milango ya watu na mtoto mgongoni.

"Ukizaa shule imeisha." Hapana. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya 2020 inataka mama mdogo arudishwe darasani.

"Chuo kikuu ni cha waliomaliza S6 juzi." Makerere kuna mtihani wa kuingia kwa watu wazima, na kuna pia Higher Education Access Certificate, kozi ya daraja kwa ambao hawakufikisha alama.

Na nyinyi mababa mnaolea peke yenu msijifiche nyuma, PAS haiulizi kama wewe ni baba au mama, inauliza unajua kufanya nini.