Mkanda wa jeshi: wahi ndani ya siku tatu

Wagonjwa wengi wa mkanda wa jeshi hufika kliniki ya ngozi wamechelewa, vidonda vimeshapakwa dawa ya meno au majani yaliyotwangwa. Nyumbani waliambiwa ni mdudu aliyepita usiku, au wamerogwa. Hakuna aliyewaroga. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga: ukipona hakitoki mwilini, hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Kinga ikishuka kwa uzee, VVU, saratani au dawa fulani, huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi.

Ndiyo maana maumivu hutangulia. Siku chache kabla ya kipele cha kwanza, upande mmoja wa mbavu, mgongo au uso huwaka moto; hata shati likigusa tu, mtu anashtuka. Kisha hutoka malengelenge madogo yenye maji, yamesongamana kwa mstari. Yaangalie vizuri: kwa kawaida huishia katikati ya mwili, hayavuki upande wa pili. Wapo wanaoamini kwamba mkanda ukikutana kiunoni mgonjwa hufa. Si kweli, ila vipele vikisambaa sehemu nyingi kinga imeshuka sana, aende hospitali haraka.

Dawa ni vidonge vya asaiklovia, kwa kawaida miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 kwa mtu mzima, vianzwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mwenye shida ya figo amwambie daktari, kwani dozi hubadilika. Vidonda vioshwe kwa maji safi na kufunikwa hadi vikauke, maana majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Wajawazito na watoto wachanga wakae mbali navyo.

Vipele vikitokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Jicho linaweza kupofuka.

Wengine, hasa wazee, hubaki na maumivu miezi kadhaa baada ya ngozi kupona. Rudini; zipo dawa za mishipa ya fahamu, kama amitriptilini, zinazosaidia pale panado inaposhindwa. Na kijana anayepata mkanda tunamshauri apime VVU. Si kwamba kila mwenye mkanda anavyo, lakini akikutwa navyo mapema anaanza dawa na kinga yake inarudi.