Mafua yakiingia ofisini: kipimajoto cha mlangoni na stori nyingine tunazodanganyana

Kipimajoto kilisoma 36.4. Mlinzi akamwonyesha dole gumba, dada wa akaunti akaingia zake, akakaa mezani na sweta limefungwa mpaka shingoni, na kama saa nne hivi nikamkuta jikoni anameza panadol mbili na maji ya moto. Nikamuuliza vipi mwenzetu, akasema hiyo ni raundi ya pili, ya kwanza alimeza kabla hajatoka nyumbani ili ile mashine isimuumbue. Wiki iliyofuata chumba cha akaunti kilikuwa na watu wawili kati ya saba, na sisi wengine bado kila asubuhi tunapanga foleni kupigwa ile bunduki ya paji la uso, roho nyeupe kabisa, ofisi yetu inachukua tahadhari.

Toka hapo nikawa nasikiliza kila ofisi inasema nini ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, zile siku za mwanzo mwanzo kabla mambo hayajachacha. Maneno ni yale yale kila mahali, na mengi ni ya kujifariji tu.

"Tukipima joto mlangoni, mgonjwa hapiti."

Anapita, tena anapita anacheka na mlinzi. Mtu mwenye homa ya mafua anaweza kuanza kuambukiza kama siku moja kabla hajasikia chochote, wa Korona kama siku mbili kabla. Mwili uko freshi, joto liko sawa, yeye mwenyewe hajui, utamkamata na nini sasa? Na hapo hujaweka wale wa panadol, manake dawa ya kushusha homa inashusha homa, kuambukiza unaendelea kama kawaida.

Kipimajoto kilijijengea jina kwenye SARS ya 2003, ule ugonjwa wa mapafu wa ukoo mmoja na Korona, na kule kidogo ilikuwa na mantiki kwa sababu mgonjwa wa SARS alikuwa anaambukiza zaidi akiwa tayari kazidiwa, homa ikionekana umemuwahi. Ebola nayo hivyo hivyo, mtu asiye na dalili haambukizi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi lilitakiwa liwe huu ni ugonjwa gani na unaanza kuambukiza lini, badala yake swali la kwanza huwa ni mashine inauzwa wapi. Sisemi mkitupe hicho kipimajoto, mwenye homa kali akikamatwa ni faida, ila mkishakinunua msikae mkadhani mmemaliza kazi.

"Mgonjwa wetu ni mmoja tu na tushamrudisha nyumbani."

Mmoja mliyemuona. Homa ya mafua inachukua siku 1 mpaka 4 toka mtu aambukizwe mpaka aanze kuumwa, Korona siku 2 mpaka 14, surua inaweza kwenda wiki mbili. Maana yake aliowaambukiza leo wako wazima wanapiga kazi, na aliyemuambukiza yeye pengine yuko meza ya tatu anajipangusa makamasi na kusema ni aleji ya vumbi.

Kazi ya siku hiyo hiyo, sio ya kesho, ni kurudi nyuma: siku mbili kabla ya dalili zake alikaa na nani, chumba gani, muda gani. Na msitegemee kichwa cha mtu. Muulize Ijumaa alikuwa na nani kwenye mitingi ya Jumanne, atataja watu watatu, fungua kalenda ya mitingi utakuta tisa, alafu kuna wale alioenda nao kula ambao hawapo kwenye kalenda yoyote.

"Tukiwaambia watu tutaleta taharuki."

Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Januari 2020, kampuni ya vipuri vya magari ya Webasto, makao makuu yake Stockdorf karibu na Munich, Ujerumani, ilipokea mfanyakazi wake kutoka Shanghai aliyekuja kwa mitingi. Muda wote aliokuwa pale alijisikia mchovu na mwili unauma, akadhani ni uchovu wa safari, si kila mtu angedhani hivyo? Kurudi kwao akapimwa, Korona. Yeye akaiambia kampuni, na kampuni haikukaa na habari ikiitafutia maneno matamu, ikawaambia wafanyakazi, ikawaambia na watu wa afya, makao makuu yakafungwa karibu wiki mbili.

Ndo ilikuwa mara ya kwanza Korona kuingia Ujerumani, na kwa sababu watu walikuwa wanasema ukweli wote waliokutana nao, wachunguzi waliweza kufuatilia mpaka vitu vya ajabu. Kuna wafanyakazi wawili walikuwa kantini, meza tofauti, wamepeana migongo, mmoja akageuka kumuomba mwenzie chumvi. Basi. Hiyo chumvi ndo mahali walipoona virusi vimehama. Jumla ya waliopata kwenye mnyororo ule walikuwa 16, ukakatika pale.

Sasa jiulize, hiyo ya chumvi ingejulikanaje kwenye ofisi ambayo bosi kasema "hili jambo libaki hapa hapa"? Ukinyamaza taharuki haiondoki, inahamia grupu la WhatsApp, na kule mgonjwa mmoja wa mafua anageuka watu sita wamelazwa na mmoja anapumulia mashine. Mnachotakiwa kuficha ni kimoja tu, jina la mtu na hali yake. Mengine semeni: kuna mtu kaumwa ugonjwa fulani, alikuwa ghorofa hii siku hizi na hizi, waliokaa naye karibu tutawapigia, ukisikia dalili kadhaa usije. Mistari minne, inaisha.

"Tumepuliza dawa ofisi nzima, rudini kazini."

Picha inapendeza, jamaa kavaa ovaroli jeupe na mtungi mgongoni, moshi unatoka. Ila magonjwa mengi ya kifua yanasambaa kwa hewa tunayopumuliana. Marekani, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, Aprili 2021 walisema uwezekano wa kupata Korona kwa kushika kitu chenye virusi kwa ujumla uko chini ya mara 1 kwa 10,000.

Kama namba hiyo haikuingii akilini chukua hii. Machi 2020, Seoul, Korea Kusini, jengo moja refu, ghorofa ya 11 kuna ofisi ya kupokea simu za wateja, watu wanaongea kutwa nzima wamebanana. Wafanyakazi 216 kwenye ghorofa hiyo, 94 wakapata Korona, wengi wao walikuwa wanakaa upande mmoja wa ghorofa. Jengo zima waliokutwa nayo ni 97. Yaani watu wa ghorofa nyingine walikuwa wanapanda lifti zile zile, wanabonyeza vitufe vile vile, wanapita mapokezi yale yale, na waliopata nje ya ile ghorofa wakawa watatu tu. Vitufe havikuwa na shida sana, shida ilikuwa ni kukaa masaa ndani ya chumba kimoja na mtu anayeongea.

Kwa hiyo hela ya mtungi wangefungulia madirisha. Kama hayafunguki, nunueni kale kamashine kanakosoma kaboni daioksaidi, nje inasoma kama 420 kwa kila milioni, ndani ikifika 1,000 na kuendelea ujue mnapumua hewa iliyokwisha kutoka vifuani mwa wenzenu. Na kiyoyozi cha ukutani kisikudanganye, vingi vinazungusha hewa ile ile tu, inakuwa ya baridi lakini ni ile ile.

Ila hapa nisiwe mjuaji, maana kuna ugonjwa unageuza kibao. Virusi vya noro, vile vya kutapika na kuharisha vinavyopita ofisi nzima ndani ya siku mbili, hivyo vinakaa kwenye vitasa na mabomba hasa, na sanitaiza ya alkoholi haiviwezi vizuri. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka, na klorini kwa anayefuta. Sasa ile chupa ya sanitaiza mlangoni ambayo wote tunaiamini kama hirizi, siku ya noro ni pambo.

"Mfanyakazi mzuri anajikaza."

Jikaze kisabuni, tumelelewa hivyo. Bosi naye anakuja anakohoa kwenye mitingi, "mi siwezi kulala nyumbani kwa kikohozi," na watu wanamsifia. Anachofanya hapo ni kuwatangazia stafu wote kwamba kuumwa ni uvivu, hata sera ya likizo iandikwe kwa wino wa dhahabu.

Alafu kuna hesabu ambayo mabosi hawapendi kuipiga. Mtu wa kulipwa kwa siku akilala nyumbani siku tano, siku tano hazipo. Unamwambia "ukiumwa usije" wakati unajua asipokuja halipwi, hayo ni maneno tu. Marekani mpaka leo haina sheria ya taifa ya kumlipa kila mfanyakazi wa sekta binafsi akiumwa, na Korona ilipoingia ikabidi Machi 2020 Bunge lao lipitishe haraka haraka sheria ya kuwapa baadhi ya wafanyakazi mpaka masaa 80 ya malipo, ikaisha mwisho wa mwaka huo huo. Wale wenye hela zote zile waliona bila malipo watu watakuja tu na homa zao.

Na cheti cha daktari siku ya kwanza, jamani. Mtu ana mafua, anachohitaji ni kulala na kunywa maji, unamlazimisha akapange foleni masaa matatu kliniki kati ya wagonjwa, aambukize wengine njiani, ili alete karatasi uamini anaumwa. Kuna msemo mficha maradhi kifo humuumbua, na maofisini huwa unatupiwa mgonjwa. Dada wa akaunti alificha, kweli, ila mwezi mmoja kabla ya hapo alikatwa malipo ya siku mbili kwa kukosa cheti, we ungefanyaje?

"Kipimo kimesema hana, mwache aje."

Kifupi tu: kile kipimo cha haraka cha Korona kikipimwa mapema mno kinaweza kukosa. Ndo maana mwenye dalili akipata hasi anashauriwa arudie baada ya masaa 48. Hasi ya leo asubuhi haina uhusiano na Alhamisi.

"Wote mfanye kazi nyumbani" halafu bosi anaamini kweli ni wote

Wenye laptopu ndo wote. Mlinzi, mtu wa usafi, dereva, mtu wa stoo hawa barua pepe haiwafiki, tena wengi wameajiriwa na kampuni ya nje kwa hiyo hata kwenye orodha ya waliokutana na mgonjwa hawamo. Na ndo walioshika kila kitasa na kuongea na kila aliyeingia. Pale kwetu yule mlinzi wa kipimajoto hakuna aliyemuuliza anajisikiaje hata siku moja, kazi yake ilikuwa kuuliza wengine.

"Sisi ni kampuni, sio hospitali."

Kweli, na hakuna anayewataka mchome watu sindano. Ila angalia shamba la mpira la Firestone pale Harbel, Liberia. Mwisho wa Machi 2014 mke wa mfanyakazi mmoja akakutwa na Ebola. Hakuna mtu pale aliyewahi kuhudumia mgonjwa wa Ebola, mabosi wakaingia intaneti kujisomea kama mimi na wewe, wakatenga sehemu kwenye hospitali ya kampuni, na mavazi ya kujikinga wakachukua yale ya kiwandani ya kuvaa kemikali zikimwagika. Hawakusubiri agizo. Waliokaa na mgonjwa wakatengwa na kuangaliwa, na Ebola iliporudi kwa nguvu katikati ya mwaka huo tayari walikuwa na pa kuanzia, eneo lenye watu kama 80,000 ukihesabu na familia.

Kitu walichofanya ambacho nakipenda zaidi ni cha mwishoni: aliyepona alisindikizwa mpaka nyumbani, majirani wanaambiwa mbele yake huyu kapona, mpokeeni.

Manake dhana ya mwisho ni hii ya kwamba aliyeugua anabaki na ugonjwa. Kila ugonjwa una muda wake, homa ya mafua wengi wanaacha kuambukiza siku 5 mpaka 7 toka dalili zianze, noro subiri masaa 48 baada ya tumbo kutulia kabisa na uendelee kunawa vizuri, maana vinaweza kutoka mwilini siku nyingi baadae. Ofisi iulize watu wa afya, iandike tarehe ya kurudi, mtu arudi.

Dada wa akaunti alirudi siku ya kumi na moja. Kipimajoto kikasoma 36.5, dole gumba, akaingia. Akaenda jikoni kuchukua kikombe chake, akakikuta kimewekwa peke yake juu ya friji ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa fundo mbili. Akafungua fundo la kwanza, la pili likakataa, akatumia meno. Sisi wote tulikuwa tunaangalia kompyuta.