Mtoto asiyelia naye huumia
Hapa Malindi bado utasikia kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hali inayomfanya ashindwe kuitawala misuli yake vizuri, hahisi maumivu sana, eti kwa kuwa hunyamaza baada ya upasuaji wa nyonga. Si kweli, na neno hilo huwatesa watoto. Anahisi; ulimi tu ndio haumtii. Tazama uso unaokunjamana, miguu inayokakamaa, chakula anachokikataa. Dalili hizo wauguzi huzipa alama, 0 hadi 10, na mama huulizwa kwanza, maana ndiye amjuaye mwanawe. Mara nyingi kinachomwamsha usiku ni misuli kujikaza ghafla ndani ya plasta. Hapo mofini, dawa kali ya maumivu, peke yake haitoshi. Daktari huweza kuongeza dawa ya kulegeza misuli, kama diazepamu. Parasetamoli hutolewa kwa saa zilizopangwa, kulingana na uzito wake, bila kungoja alie.