Le Chambon-sur-Lignon: kijiji kilichozoea wageni kabla ya vita

Le Chambon-sur-Lignon ni komuni ndogo (yaani kitengo cha chini cha utawala wa Ufaransa) ya mkoa wa Haute-Loire, katika nyanda za juu za kusini ya kati ya Ufaransa, karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Wakazi wake hawafiki 3,000. Majira ya baridi huko ni marefu, na upepo wa kaskazini, wenyewe huuita burle, hurundika theluji mpaka barabara zikafungika.

Jina la kijiji limevuma kwa sababu ya Wayahudi waliofichwa hapo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Masimulizi mengi huanzia kwenye mahubiri ya mchungaji wa kijiji, André Trocmé, ya mwaka 1940, kana kwamba watu waliamka siku moja wakawa majasiri. Sisi tunaoshughulika na historia ya jamii tunaona mizizi yake iko nyuma zaidi, na baadhi yake ni ya kibiashara kabisa.

Wenyeji wengi walikuwa Waprotestanti katika nchi ya Wakatoliki. Mfalme Louis XIV alipofuta mwaka 1685 Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, ibada zao zikawa kosa la jinai. Kwa karibu karne nzima walisali porini, wakaficha wachungaji wao, wakajifunza kunyamaza askari anapouliza.

Halafu wakaja watoto. Mwaka 1893 mchungaji Louis Comte wa Saint-Étienne, mji wa migodi ya makaa ya mawe, alianzisha mpango wa kuwapeleka watoto wa wafanyakazi milimani wakapate hewa safi na kushiba. Walilazwa kwenye mashamba ya wakulima, ambao walilipwa kwa kuwatunza. Reli nyembamba ilipofika mwaka 1902, watalii nao walipanda, na nyumba za kulala wageni zikaongezeka. Kwa mkulima wa huko, mtoto asiyemfahamu kukaa mezani pake lilikuwa jambo la kila kiangazi.

Mchungaji André Trocmé alifika mwaka 1934 pamoja na mkewe Magda. Mwaka 1938 yeye na mwenzake Édouard Theis walifungua shule ya sekondari iliyosomesha wavulana na wasichana pamoja. Basi wakimbizi walipoanza kumiminika, vitanda vilikuwepo, madarasa yalikuwepo, na mtoto mgeni mtaani hakumshtua mtu. Mashirika ya msaada, yakiwemo ya Waswisi na ya Wakweka (Quakers, madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita), yalifungua dahalia za watoto. Vitambulisho bandia vilitengenezwa kijijini hapohapo.

Agosti 1942 katibu mkuu wa vijana wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, alipozuru, wanafunzi walimkabidhi barua ya kupinga kukamatwa kwa Wayahudi mjini Paris. Polisi walikuja wiki chache baadaye na kuondoka karibu mikono mitupu. Si kwamba kijiji kilisalimika. Tarehe 29 Juni 1943 Wajerumani walivamia dahalia ya Maison des Roches, wakachukua wanafunzi pamoja na mkuu wao, Daniel Trocmé, binamu wa mchungaji. Alifia Majdanek, kambi ya mateso ya Wanazi huko Poland, mwaka uliofuata.

Idadi ya waliookolewa bado inabishaniwa. Inayotajwa sana ni watu 5,000. Watafiti wengine huiona kubwa mno. Tusisahau pia komuni jirani za nyanda hizo, ambazo jina la Le Chambon limezifunika isivyo haki. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ilipotoa heshima mwaka 1990, iliwataja wakazi wa Le Chambon na wa komuni hizo pia.

Shule ile ya Trocmé na Theis ilifungwa mwaka 2014, lakini makumbusho yaliyofunguliwa mwaka mmoja kabla yanaendelea, mkabala na kanisa. Desemba 2020 alifariki mzee mzaliwa wa Vienna aliyehifadhiwa kijijini akiwa mtoto. Wosia wake uliiachia komuni takriban euro milioni 2, akiomba zitumike kwa elimu na vijana.