Kiwango cha wanawake katika nguvu kazi: nani anahesabiwa?

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua wanawake wenye ajira, ongeza wasio nayo ila wanaitafuta na wako tayari kuianza (hao wote ndio nguvu kazi), gawanya kwa wanawake wote wenye miaka 15 na zaidi, kisha zidisha kwa 100. Mwenye ajira ni yeyote aliyefanya kazi ya malipo au faida walau saa 1 katika siku 7 zilizopita. Muuza maandazi yumo. Anayeuza katika duka la familia bila mshahara naye yumo.

Utata uko shambani. Zamani mwanamke aliyelima mahindi ya chakula cha nyumbani alihesabiwa kuwa na ajira. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi, katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva, walitenganisha kazi na ajira: kilimo cha kujilisha ni kazi, lakini si ajira. Kuchota maji na kutafuta kuni ni kazi vilevile, nazo hazimwingizi mtu kwenye nguvu kazi.

Tuseme kijiji kina wanawake 200 wa umri huo. 60 wanauza mazao au wanafanya vibarua, 20 wanatafuta kazi, 70 wanalima chakula cha nyumbani tu wala hawatafuti ajira, na 50 ni wanafunzi, wagonjwa na wazee. Kwa kipimo cha zamani ushiriki ni asilimia 75. Kwa kipya, asilimia 40. Hakuna aliyeweka jembe chini. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha miaka au nchi, angalia kwanza ni kipimo kipi kimetumika. Wengi hawaangalii, wakatangaza anguko ambalo halikutokea.

Kosa jingine hutokea mlangoni kwa mhojiwa. Mdadisi akiuliza "Unafanya kazi?", mama atajibu "Hapana, niko nyumbani tu," huku ndoo ya mchicha wa kupeleka sokoni iko pembeni yake. Dodoso zuri hutaja shughuli mojamoja: wiki iliyopita uliuza chochote? Ulisuka mkeka wa kuuza? Ulipalilia shamba la mtu kwa ujira? Na aulizwe mwenyewe. Mume akimjibia, biashara ndogo za mkewe husahaulika kirahisi, na mama huyo huandikwa kuwa yuko nje ya nguvu kazi.