VPN kwenye ruta ya nyumbani: mambo ya kuangalia kabla hujaiwasha

Wiki iliyopita nilikuwa Nyegezi, Mwanza, sebuleni kwa mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba. Mwanawe, anayefanyia kazi nyumbani, alikuwa ameshaweka VPN, yaani njia ya siri inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kabla hayajafika mtandaoni, kwenye simu na kompyuta. Tivii na kamera ya getini zilibaki nje, maana kamera haina pa kupakulia programu. Akaniuliza, kwa nini nisiiweke kwenye ruta mara moja, nyumba nzima ipate?

Inawezekana. Kila kinachotoka kwenye waifai ya nyumbani kinapitia kwenye ruta, kwa hiyo ruta ikiunganishwa na VPN, vifaa vyote vinafuata bila kugusa hata kimoja.

Ila sheria kwanza. Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka watu binafsi na kampuni wanaotumia VPN watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 nazo zinakataza kutumia teknolojia kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Wasiliana na mamlaka kabla hujaanza.

Ukiwa tayari, fungua ukurasa wa ruta. Anwani yake huandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Badilisha nywila ya usimamizi hapo hapo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea, na kijana wetu naye alipotea. Ruta yake ilikuwa na "VPN Server", akaiwasha, akaamini amemaliza. Hiyo ni ya mtu aliye safarini kuingia kwenye mtandao wa nyumbani kwake. Mawasiliano ya nyumbani yanayotoka nje haiyafichi hata kidogo. Unachotafuta ni "VPN Client", inayoiunganisha ruta na seva ya VPN iliyo nje. Ruta nyingi ndogo za laini hazina kitu hicho. Basi tafuta ruta ya pili inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, iunganishe kwa kebo na ile ya zamani, kisha hamishia vifaa kwenye waifai yake.

VPN huunganishwa kwa mifumo tofauti, kama WireGuard na OpenVPN. Kama mtoa huduma wa VPN anakupa uchaguzi, chukua WireGuard. Prosesa ya ruta ni dhaifu, na OpenVPN huilemea mpaka kasi inashuka. Utapewa faili la mipangilio lenye ufunguo wa siri. Tafadhali usilirushe WhatsApp, hata kwa fundi unayemwamini.

Umeme ukikatika, jambo ambalo hatulikosi huku kwetu, ruta nyingi hupoteza saa kwa kuwa hazina betri ya kuitunza. WireGuard hutuma muda pamoja na ombi la kuunganishwa, na seva hukataa ombi lenye muda wa nyuma kuliko lililopita. Ukiona VPN imegoma baada ya umeme kurudi, anza na saa ya ruta.

Pima pia kwa kuizima VPN makusudi. Intaneti ikiendelea kama kawaida, siku VPN ikidondoka mawasiliano yenu yatatoka wazi bila ninyi kujua. Weka sharti kwenye ukuta wa moto (firewall) wa ruta kwamba hakuna kinachotoka nje ya VPN.

Simu ya mama peke yake tuliipa ruhusa ya kupita nje ya VPN. Programu za benki zinaweza kukataa mteja anayeonekana yuko nchi nyingine, na yeye kila alfajiri hulipia mzigo wa dagaa kwa simu hiyo.