Aneurizimu kubwa ya ubongo: maswali na majibu

Aneurizimu ni kitu gani?
Umewahi kuona tairi la baiskeli lililolika, tyubu ikachomoza pale palipochoka? Ndivyo ilivyo. Ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hudhoofika, mara nyingi mishipa inapogawanyika, na damu huusukuma mpaka ukafanya kifuko. Kikifika milimita 25, kinahesabiwa kuwa kikubwa kupindukia.

Hukuaje mpaka ikafikia hapo?
Wengi hudhani inajaa damu kama puto. La. Ndani yake mara nyingi mna damu iliyoganda, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, na vimishipa vya ukutani navyo huvujia humohumo. Kwa hiyo anjiografia, picha ya mishipa inayoonyesha damu inayopita tu, inaweza kukuonyesha kifuko kidogo kuliko kilivyo. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo hufichua unene wote. Sigara na presha huchochea.

Nitajuaje?
Kope moja ikilegea, mboni ya jicho hilo ikapanuka na ukaona vitu viwiliviwili, usikimbilie dawa ya macho dukani: huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, imebanwa. Kichwa kikipiga ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Si iachwe tu kama haisumbui?
Ndogo, pengine. Kubwa hivi, mimi nisingethubutu. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba zenye milimita 25 au zaidi zilipasuka ndani ya miaka 5 kwa asilimia 40 kwenye mishipa ya mbele, na 50 kwenye ya nyuma.

Upasuaji hufanywaje?
Mwaka 1937, huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Walter Dandy alibana shingo ya aneurizimu kwa klipu, kibanio kidogo, ya fedha. Klipu zingali zinatumika, ila kifuko kikubwa huwa na shingo pana na ngumu, klipu huteleza. Hapo daktari hufunga ateri kwa muda, hupasua kifuko, huchokoa damu iliyoganda, ndipo abane. Isipowezekana, huunga ateri ya ngozi ya kichwa na ya ubongo, damu ipate njia nyingine, kisha huziba ile mbovu.

Lazima fuvu lifunguliwe?
Si lazima. Katheta, mrija mwembamba, huweza kupitishwa kinenani hadi ubongoni, ikaacha neli ya wavu ndani ya ateri. Marekani iliidhinisha ya kwanza 2011. Damu hupita zake, kifuko huganda polepole kwa miezi. Muda huo mgonjwa hunywa aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Akiziacha mwenyewe kwa kujiona amepona, neli inaweza kuziba na kumletea kiharusi.